Shilingi ya Mwaka wa 15

Msikilizaji, wanaouza mashamba ya misindano kule Njombe na Mufindi wana hesabu moja wanayoipenda. Weka milioni 2, vuna milioni 9 na ushee. Hesabu hiyo inapita kwenye simu, inapita kwenye magrupu ya WhatsApp, inapita ofisini saa ya chai, na mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kushuka basi Makambako anatuma pesa. Jumla yenyewe si ya uongo. Tatizo ni kwamba milioni 2 zinatoka mfukoni mwako mapema, na milioni 9 zinakuja miaka 15 baadaye. Katikati hapo kuna miaka ya kutoa kidogokidogo, mwaka mmoja wa kupokea, kisha kutoa tena. Pesa ya namna hiyo, inayoingia na kutoka bila mpangilio wa kulingana, ina hesabu yake, na ipo kalkuleta iliyotengenezwa kwa ajili yake. Leo naomba tuifanye pamoja. Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu.

Tuchukue ekari moja. Bei nitakazotaja ni za mfano, maana ardhi ya Makete haiuzwi bei ya Mafinga, lakini mpangilio wa miaka ndio wa shamba la miti lenyewe. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari inaingia miche kama 450.

Mwaka wa kuanzia tunauita mwaka 0. Hapo unalipia ardhi, kufyeka, mashimo, miche na kupanda: milioni 1. Mwaka wa 1, wa 2 na wa 3 ni palizi, kurudishia miche iliyokufa na kusafisha barabara za moto: 150,000 kila mwaka. Mwaka wa 4 unapogoa matawi ya chini: 100,000. Mwaka wa 5, wa 6 na wa 7 ni usafi na ulinzi tu: 50,000 kila mwaka. Mwaka wa 8 unapunguza miti ili inayobaki inenepe. Ile miembamba unaiuza mirunda, na ukishalipa vibarua unabaki na 300,000 mkononi. Kuanzia mwaka wa 9 hadi wa 14 unarudi kwenye 50,000 kila mwaka. Mwaka wa 15 mnunuzi anakuja na msumeno wake, anakulipa milioni 9 miti ikiwa imesimama.

Jumlisha sasa. Zilizotoka ni milioni 2 kamili. Zilizoingia ni milioni 9 na laki 3. Faida, milioni 7 na laki 3. Mwenye kuuza shamba haishii hapo. Anagawa hiyo milioni 7.3 kwa miaka 15, anapata kama 487,000 kwa mwaka, kisha anakuambia hiyo ni asilimia 24 ya pesa uliyoweka. Asilimia 24 kila mwaka! Mtu anayeweka akiba benki kwa riba ndogo akiisikia hiyo, usiku halali.

Hesabu hiyo ya wastani inachukulia kwamba 487,000 zinakuja kila mwaka tangu mwanzo. Haziji. Kwa miaka 7 ya kwanza haiji hata senti moja. Shilingi unayoipata mwaka wa 1 unaweza kuiweka mahali ikazaa; ya mwaka wa 15 imekosa miaka 14 ya kuzaa. Nikupe kipimo kimoja tu. Ile milioni 1 ya mwaka 0, peke yake, kama ingewekwa mahali panapotoa asilimia 15 kwa mwaka na riba ikarudishwa ndani kila mwaka, mwaka wa 15 ingekuwa milioni 8 na laki 1. Peke yake, bila palizi wala barabara ya moto.

Tukiigeuza hesabu hiyo kinyumenyume, milioni 9 za mwaka wa 15, kwa mtu ambaye pesa yake ingezaa asilimia 15 kwingine, leo zina thamani ya kama milioni 1 na laki 1. Hivyo ndivyo inavyofanywa kwa kila mwaka: kila pesa inarudishwa hadi leo kwa kiwango chako, zinazoingia zinajumlishwa, zinazotoka zinatolewa. Kinachobaki wahasibu wanakiita thamani halisi ya sasa, na kwenye kalkuleta kimeandikwa NPV.

Kwa mkono inawezekana, ila ni migawanyo 15, na ukikosea mmoja umeharibu yote. Ndipo inapoingia kalkuleta ya fedha. Ziko mbili zinazojulikana dunia nzima: HP 12C, iliyotoka mwaka 1981 na mpaka leo watu wa benki wanaing'ang'ania, na BA II Plus ya Texas Instruments, ambayo wanafunzi wetu wengi wa uhasibu na fedha wanaifahamu. Programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo zipo pia. Mkopo wa marejesho sawa kila mwezi una vitufe vyake, na hivyo havifai hapa. Kwa pesa isiyolingana unatumia kitufe kilichoandikwa CF, herufi mbili, na hapo kalkuleta inakuuliza mwaka mmoja baada ya mwingine.

Kwenye BA II Plus unabonyeza CF, kisha unafuta hesabu za zamani. Usiruke hatua hiyo, maana kalkuleta inakumbuka shamba la juzi hata ukiizima. Inakuuliza pesa ya mwaka 0: unaandika 1,000,000, unabonyeza kitufe cha kugeuza alama ili iwe hasi, unaingiza. Kitufe cha kugeuza alama ndicho chenye kujumlisha na kutoa pamoja. Kile cha kutolea kina kazi nyingine, na wengi wanaanguka hapo. Halafu inakuuliza kiasi kinachofuata na kinajirudia mara ngapi. Hasi 150,000, mara 3. Hasi 100,000, mara 1. Hasi 50,000, mara 3. Chanya 300,000, mara 1. Hasi 50,000, mara 6. Chanya 9,000,000, mara 1. Hesabu mara zako: 3, 1, 3, 1, 6, 1, jumla 15. Miaka 15 imeingia kwa mistari sita. Kama ungekuwa na mwaka ambao hautoi wala kupokea chochote, ungeuandika sifuri. Ukiuacha, mavuno yote yanawahi kwa mwaka mmoja na shamba linapendeza kuliko lilivyo.

Sasa bonyeza NPV. Inakuuliza kiwango. Andika 15, ingiza, shuka chini, amuru ihesabu. Jibu: hasi 322,700 hivi.

Ndiyo, hasi, kwa shamba ambalo jumla yake ilikuwa faida ya milioni 7 na laki 3. Tuelewane vizuri hapa. Kalkuleta haijasema utapoteza pesa. Imesema kwamba kwa mtu mwenye mahali pengine pa kupata asilimia 15, kuingia kwenye shamba hili ni sawa na kutupa kama laki 3 na elfu 23 siku ya kwanza. Imekupa na kitu cha kwenda nacho kwa dalali: kama gharama ya kuanzia ingekuwa kama 677,000 badala ya milioni, ungefika sifuri, yaani ungepata asilimia 15 yako bila ziada. Hiyo ndiyo bei yako ya mwisho. Bei ya dalali inabaki kuwa yake.

Bonyeza kitufe cha IRR sasa, halafu amuru ihesabu. Inakuja 12.9. Hicho ndicho kiwango ambacho shamba lenyewe linazaa kwa mwaka, likitazamwa kwa miaka yake yote. Uliambiwa asilimia 24, na miti ni ileile, mnunuzi ni yuleyule.

Hapa msikilizaji makini ataniuliza: hiyo 15 umeitoa wapi? Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, na hakuna kitufe cha kulijibu. Kiwango unakileta wewe, kutokana na kile ambacho pesa yako ingefanya kama isingeenda shambani. Aprili 2021, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kuuza hatifungani ya serikali ya miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani ya miaka 25 ilishushwa hadi 12.56. Shamba letu linazaa 12.9. Kwa hiyo mtu aliyepima mwaka 2021 angelikataa, na aliyepima mwaka 2022 angeona linapita kwa kucha. Udongo ni uleule. Kilichobadilika ni kile ambacho pesa ingepata ikikaa kwingine.

Na hata mwaka 2022, kupita kwa kucha kusingenitosha. Hatifungani haiungui. Kila kiangazi moto unakula misitu kwenye nyanda za juu kusini, na moto wa jirani aliyekuwa anasafisha shamba la mahindi haukuulizi miti yako ina umri gani. Hatifungani unaweza kuiuza ukikwama. Miti ya miaka 5 haina mnunuzi wa maana. Kwa sababu hizo mimi nisingelipima shamba la miti kwa kiwango cha hatifungani. Ningeongeza asilimia kadhaa za hofu, na nisingeona aibu.

Kuna jambo jingine linalovuruga hesabu hizi, na nimeliona likiwapotosha hata watu waliosoma. Zile milioni 9 ni bei ya lini? Kama uliuliza leo miti ya miaka 15 inauzwa ngapi ukaambiwa milioni 9, basi hiyo ni bei ya leo. Miaka 15 ijayo bei zitakuwa zimepanda, na gharama za palizi pia. Lakini ile 15 yetu, kama ilivyo riba ya hatifungani, tayari imebeba mfumuko wa bei ndani yake. Ukichukua mavuno kwa bei ya leo ukayapima kwa riba yenye mfumuko, unalionea shamba. Lazima vyote viwe vya aina moja.

Tuseme bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka, na miti inapanda nazo. Ondoa hiyo 4 kwenye 15. Usitoe moja kwa moja, gawa 1.15 kwa 1.04, unapata asilimia 10.6. Rudi kwenye kalkuleta. Pesa zako bado zimo, huna haja ya kuandika upya. Bonyeza NPV, badilisha 15 iwe 10.6, amuru ihesabu. Sasa jibu ni chanya, kama 506,000.

Kutoka hasi laki 3 na ushee hadi chanya laki 5, kwa swali moja tu: bei hii ni ya siku gani? Ndiyo maana mtu akikuletea karatasi ya hesabu iliyopigwa chapa vizuri, na NPV yake imekolezwa wino mweusi, muulize hilo kabla ya jingine lolote. Kama anababaika, hiyo tarakimu iliyokolezwa haina maana, iwe imetoka kwenye kalkuleta ya bei gani.

IRR nayo ina udhaifu wake. Kihesabu, kila pesa inapogeuka kutoka kutoa kwenda kupokea, au kinyume chake, unafunguka uwezekano wa jibu jingine. Shamba letu linageuka mara tatu: mwaka wa 8, mwaka wa 9 na mwaka wa 15. Kwa tarakimu hizi hakuna tatizo, jibu ni moja. Lakini mradi unaoishia na gharama kubwa, mfano machimbo ambayo lazima uyafukie mwishoni, unaweza kuwa na viwango viwili vyote sahihi kihesabu, na kalkuleta ikakuonyesha kimoja tu bila kukuambia kuna kingine. Kwa sababu hiyo mimi huanza na NPV, na IRR huja baadaye kama maelezo.

Nawaambia wanafunzi jambo hili na wanalipenda: miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuiandika hesabu hii kikamilifu alikuwa bwana misitu. Martin Faustmann, Mjerumani wa Hesse, mwaka 1849. Swali lake lilikuwa ardhi tupu inayofaa kwa miti ina thamani gani. Unalipia kupanda leo, unapata kidogo wakati wa kupunguza miti, unangoja mavuno makuu miaka mingi, kisha unapanda tena, na tena. Akarudisha kila pesa hadi siku ya kwanza, mizunguko yote, bila mwisho. Alisisitiza jambo ambalo hata sisi tumelisahau mpaka hapa: miti ikishakatwa, ardhi inabaki. Basi tumtendee haki. Ongeza laki 5 za ardhi kwenye mwaka wa 15. Kwa kiwango cha 15 ile hasi inapungua kutoka 322,700 hadi kama 261,000. Inasaidia, ila haiokoi.

Mpaka hapa nimezungumza na anayenunua shamba. Ninayemfikiria zaidi ni mwingine: mkulima wa kijijini, Makete au Ludewa au Mufindi, ambaye miti ni yake, aliipanda mwenyewe, sasa ina miaka 10, na mtoto amechaguliwa kwenda chuo. Miti michanga inakatwa mno kwenye mikoa ile. Tunasikia ikisemwa kwamba wakulima hawana subira. Mimi sikubaliani na maneno hayo, kwa sababu subira nayo ina bei, na bei hiyo inahesabika.

Mnunuzi anakuja. Anatoa milioni 2 na nusu kwa ekari, pesa taslimu, leo. Mkulima anakumbuka kwamba mpaka sasa ameweka milioni 1 na laki 8 na mirunda ilimpa laki 3, kwa hiyo anaona amepata faida. Anauza. Mnunuzi naye, kama ana akili, hakati. Anaacha miti isimame miaka 5 mingine, analipa 50,000 za usafi kwa miaka 4, kisha anavuna milioni 9.

Iingize kwenye kalkuleta, ni mistari mitatu tu. Mwaka 0, hasi 2,500,000. Hasi 50,000, mara 4. Chanya 9,000,000, mara 1. Bonyeza IRR. Asilimia 28 kwa mwaka! Mkulima alipanda, akapalilia, akakesha na moto miaka 10, kwa shamba linalozaa asilimia 12.9. Mnunuzi aliingia mwishoni akachukua miaka mitano mitamu kwa asilimia 28. Na kama mnunuzi anaridhika na 15, futa ile 2,500,000 uweke sifuri, bonyeza NPV kwa 15: inakuja milioni 4 na laki 3. Hizo ndizo alizoweza kulipa na bado akapata 15 yake. Kati ya milioni 2.5 na 4.3 kuna pesa ya mtu aliyekuwa na hesabu mbele ya mtu asiye nayo. Inaniuma, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya dakika mbili.

Kwa hiyo, kaka yangu, dada yangu mwenye miti, kabla ya kutaja bei fanya hivi. Kaa na kijana wako aliyesoma biashara, au afisa misitu wa kata, au katibu wa kikundi chenu. Andikeni miaka iliyobaki mmojammoja, kila mwaka na pesa yake. Ingizeni bei mliyopewa leo, bonyezeni IRR. Mfano wetu umetoa 28.

Hiyo 28 inakusaidia kuamua jambo moja la haraka: ada ya chuo itoke wapi. Kama SACCOS yenu inakopesha kwa asilimia 18 kwa mwaka, na viazi au chai vinaweza kulipa marejesho, basi kopa, uache miti isimame, maana miti inakua kwa kasi kuliko deni. Kama mkopo pekee ulioko karibu ni wa asilimia 3 kwa mwezi, usidanganywe na udogo wa hiyo 3. Ikijirudia miezi 12 inakuwa zaidi ya asilimia 42 kwa mwaka. Hapo deni linaipita miti mbio, na kuuza ndiyo busara. Uza hata leo, lakini anza kutaja kwenye milioni 4 na laki 3, na ukishuka, ushuke ukijua kila laki unayoiacha inaenda kwa nani.